Kuchelewa Kwenye Sababu

Wasomaji wenzangu, naomba nafasi niseme neno juu ya sheria ya kuchelewa. Siikatai, maana shule isiyo na saa ni gulio. Nasema kwa sababu ya yaliyotupata Kamanga katika likizo fupi ya masika.

Tulikuwa watatu, kila mmoja na baisikeli yake. Tulivuka kwa kivuko kutoka Mwanza, tukaenda hadi Sengerema, na Jumapili tukaanza kurudi. Mvua ikatushika njiani, matope yakajaa magurudumuni, tukafika Kamanga kivuko cha mwisho kimekwisha kuondoka. Mzee mmoja wa pale mwaloni aliturusuhu kupiga hema karibu na nyumba yake, akatuonya tusilipige chini ya mti kwa ajili ya radi. Tukachimba mfereji kulizunguka, tukalala.

Saa nane za usiku dhoruba ikashuka. Vigingi viwili viling'oka, nasi tukashika nguzo kwa zamu mpaka alfajiri. Kulipopambazuka upepo ulikuwa ungali mkali, na kivuko hakijaonekana. Saa moja tulitakiwa tuwe mstarini shuleni. Kijana mmoja akasema atatuvusha kwa mtumbwi tukimlipa. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyeanza kufungua kamba za hema. Niliiogopa adhabu kuliko maji.

Mzee akatoka, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo shule yenu itahama leo?" Nikakosa jibu, nikazifunga kamba tena.

Katika Jiografia twajifunza kwamba usiku nchi kavu hupoa upesi, bali ziwa hubaki na joto. Pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji, hewa yenye joto hupanda, na mawingu ya radi hufanyika. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na alfajiri. Basi shauri la mzee halikuwa uoga, lilikuwa elimu.

Wengine watasema tungezunguka kwa daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Na wajaribu kwa baisikeli katika matope yale, kisha watuambie walifika saa ngapi.

Kivuko kilikuja saa nne. Tukapewa kufyeka majani siku mbili. Majani tumeyafyeka, wala sinung'uniki, maana kosa moja ni letu: mzee alikuwa na simu, nasi hatukufikiri kumwomba tutoe taarifa shuleni. Ila nauliza: ikiwa aliyengoja anaadhibiwa, na aliyevuka kwa hatari anasifiwa kwa kuwahi, tunamfundisha mwanafunzi jambo gani? Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye nafasi ya watu 101, kilizama karibu na Ukara kikiwa na watu zaidi ya 200. Haikuwa dhoruba, lakini mkoa wetu umekwisha kujua bei ya safari isiyosubiri.

Shauri langu ni hili. Mwanafunzi atoe taarifa mapema, tena awe mkweli, maana wapo watakaosingizia mvua hata wakati wa kiangazi. Na mwalimu wa zamu aulize sababu kabla ya kutoa panga. Nikishikwa tena na dhoruba Kamanga, nitangoja. Panga na liwe tayari, lakini swali litangulie.