Jengo Lililosalia Clairvaux



Tunapomtaja Mtakatifu Bernardo, tunakumbuka hasa mahubiri yake. Tukumbuke pia kwamba mwaka 1115, alipotumwa pamoja na wenzake 12 kuanzisha monasteri ya Clairvaux, nchini Ufaransa, alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, na kwamba maisha yao yalijengwa juu ya sala na kazi ya mikono, kufuatana na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto.

Katika monasteri hiyo ya Wasisterisiani palikuwa na makundi mawili. Wamonaki wa kwaya waliimba zaburi usiku na mchana. Mabruda wa kazi, ambao wengi hawakujua kusoma, walilima na kuchunga mifugo. Wote waliweka nadhiri. Lakini mabruda walilala na kula mahali pao, wala hawakuwa na kura katika kumchagua abate.

Bernardo alipofariki mwaka 1153, monasteri zilizozaliwa na Clairvaux zilizidi 160. Baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yaliwatawanya wamonaki. Mwaka 1808 serikali iliigeuza monasteri kuwa jela, iliyofungwa mwaka 2023 tu, na kanisa kuu likabomolewa. Jengo kubwa la karne ya 12 linalosimama hadi leo ni lile la mabruda wa kazi: ghala chini, bweni juu.

Hatudai kwamba Mungu aliwahukumu waimbaji. Majengo husalia au huanguka kwa sababu nyingi. Lakini mawe hayo yanatuuliza swali. Katika parokia zetu, siku ya sikukuu, wanaotaka kushika maikro ni wengi. Jumamosi ya salongo wanafika wachache, na karibu kila mara ni walewale. Kikundi kinaweza kujivunia sare mpya huku choo cha parokia kikisafishwa na mama wawili wazee. Sala ya namna hiyo imekatwa mkono mmoja.

Kwa maoni yetu, jina la kwanza katika orodha ya salongo liwe la kiongozi wa kikundi. Na wale wanaofagia na kubeba maji wapewe neno na kura katika mikutano yetu, jambo ambalo mabruda wa Clairvaux hawakulipata. Tuanze Jumamosi ijayo.