Si Kila Tumbo la Jumatatu ni Homa ya Matumbo

Msomaji, ukiwa mkazi wa Huruma hapa Eldoret, huenda umewahi kumpeleka mtoto kliniki kwa kuwa tumbo humsokota kila Jumatatu asubuhi. Amepimwa malaria, amepimwa homa ya matumbo, na hakupatikana na kitu. Kabla ya kununua dawa nyingine, muulize anaketi na nani darasani na mwalimu humwitaje.

Mtaa huu una makabila mengi, na haujasahau ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Waliozaliwa baadaye husikia maneno ya nyumbani na kuyabeba hadi shuleni. Mtoto anayechekwa kwa lafudhi au kwa jina la ukoo hukaa darasani kama anayengoja kipigo. Moyo humwenda mbio, usingizi humpaa, somo halimwingii. Kisha huambiwa ni mjinga!

Miongoni mwa waliochunguza jambo hili mapema alikuwa mwalimu. Inez Prosser, Mmarekani mweusi, alifundisha miaka mingi Texas huku akiwasaidia nduguze kusoma, hadi mwaka 1933 alipopata shahada ya udaktari katika saikolojia, Chuo Kikuu cha Cincinnati. Aliwalinganisha watoto weusi waliosoma na wazungu na wale wa shule za weusi pekee. Hawa wa pili, aliona, walikuwa na utulivu zaidi na walipatana vyema na walimu wao. Ajali ya gari ilimuua mwaka 1934.

Basi kila kabila lijenge shule yake? La hasha! Kutenganisha watoto kulikuwa dhuluma, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuharamisha mwaka 1954. Ninachokiona mimi ni uzito wa mwalimu anayemkubali mtoto.

Ndiyo maana siwacheki walimu wetu wanaosomea saikolojia, eti wanaikimbia chaki. Daktari humwona mtoto dakika chache; mwalimu humwona muhula mzima. Wapewe likizo ya masomo bila kuzungushwa, nao wachunguze madarasa ya Huruma.

Na wewe, maumivu yakizidi wiki mbili, zungumza na mwalimu wa darasa. Yasipokoma, Hospitali ya Rufaa ya Moi ina kitengo cha afya ya akili, na hakipokei wendawazimu tu, ingawa mtaani ndivyo tunavyosema.