Mlango Uliolala: Daftari la Wiki

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa kabati la vikombe ulinibaki mkononi. Sikuuvuta kwa nguvu; niliufungua kama ninavyoufungua kila siku ninapotafuta kikombe cha chai. Skrubu mbili za bawaba ya juu zilichomoka kwenye mlango zikiwa na unga wa mbao, bawaba ya chini ikapinda, na mlango ukainama kama jani la mgomba baada ya upepo. Kwa miezi mitatu ulikuwa umelala upande, nami kila nilipopita nilizikaza skrubu zile kwa ncha ya kisu. Wiki hii daftari limejaa bawaba. Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina kabati la aina hii, lile linalofika likiwa limelala vipandevipande ndani ya boksi, na karibu kila moja ninalolijua lina mlango mmoja uliolegea.

*

Nirudi kwenye mlango, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Niliita fundi. Kijana mwenye adabu, akaniamkia, akachungulia tundu lililobomoka, akatikisa kichwa. "Mzee, hili limeshakwisha. Hizi mbao za unga haziponi. Bora ununue jingine." Nikamwuliza: skrubu imekatika? Hapana. Bawaba imevunjika? Imepinda kidogo tu, inanyooshwa. Boksi la kabati limelegea? Hapana, limesimama wima. Basi kilichokufa ni matundu mawili ambayo hata punje ya hindi haipiti, na kwa ajili ya hayo nitoe nje kabati zima! Simlaumu kijana. Anasema alichofundishwa na soko, na soko halijapata kumlipa kwa kuziba tundu. Lakini hasira ilinishika, na mpaka leo ninapoandika haijanitoka.

Kabati hili ni la chipubodi, na chipubodi si ubao. Ni vipande vidogo vya mbao vilivyochanganywa na gundi, vikashindiliwa kwa moto na mgandamizo, kisha juu ikabandikwa ngozi nyembamba ya melamini. Karibu na uso vipande ni vidogo, vimebanana. Katikati ni vikubwa, vimeachana. Skrubu ikiingia mara ya kwanza, meno yake hujichimbia njia na kushika vizuri. Ikikazwa kupita kiasi, au ikichomolewa na kurudishwa ovyo, meno hukata njia ya pili, na ile ya kwanza inageuka unga. Kila nilipokaza kwa ncha ya kisu nilikuwa nachimba.

Halafu iko bawaba yenyewe. Hii iliyofichika ndani ya makabati ya kisasa ina kikombe cha chuma chenye kipenyo cha milimita 35, kinachozama ndani ya mlango kiasi cha milimita 12 hivi, na mkono unaokwenda kushikana na kibati kilichofungwa ubavuni mwa kabati. Mlango wenyewe mara nyingi una unene wa milimita 16 au 18 tu. Nyuma ya kikombe hicho, basi, ubao uliobaki ni mwembamba kama biskuti. Na uzito wa mlango hautui chini, unaning'inia pembeni. Bawaba ya juu inavutwa nje, ya chini inasukumwa ndani. Ndiyo maana ya juu hutangulia kung'oka. Ongeza taulo la jikoni lililotundikwa juu ya mlango, ongeza mtoto anayening'inia mlangoni akichungulia sukari, na skrubu fupi mbili zinabeba mzigo ambao hakuna aliyezikusudia ziubebe.

Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, au Lamu, ukatazame mlango wa zamani wa nakshi. Ubao wake mmoja ni mzigo wa watu, lakini hauning'inii popote. Una ncha juu na chini, ncha hizo zimezama katika matundu ya fremu na ya kizingiti, unazunguka humo humo, na uzito wote unatua sakafuni. Fundi yule aliiachia ardhi kazi ya kubeba. Sisi tumeiachia skrubu iliyoshikwa na unga, kisha tunashangaa.

Basi hivi ndivyo nilivyofanya, na yeyote mwenye mlango uliolala anaweza kufanya hivyo jioni moja na kumalizia asubuhi yake. Niliuegemeza mlango kwa goti, nikafungua bawaba ya chini. (Ikiwa bawaba zako zote bado zimeshika, anza kufungua ya chini na umalizie ya juu; wakati wa kurudisha, anza na ya juu. Ukienda kinyume, mlango unaanguka mbele na kuichana bawaba iliyobaki.) Nikapuliza unga wote uliokuwamo matunduni mpaka nikagusa pagumu. Nikachovya vijiti vya mishikaki katika gundi nyeupe ya mbao, nikavisokomeza mpaka kisiingie kingine, nikavikata sawa na uso wa mlango, nikafuta gundi iliyochuruzika, nikaulaza mlango mezani usiku kucha. Nasisitiza, usiku kucha. Atakayefunga skrubu baada ya saa moja atang'oa kila kitu.

Asubuhi nikatoboa katikati ya vijiti tundu jembamba la milimita 2. Kwanza nilizungushia utepe kwenye keekee, milimita 10 kutoka nchani, nisipitilize. Ukitokeza upande wa mbele wa mlango, hakuna gundi itakayokuficha. Kisha nikafunga kwa bisibisi ya mkono. Skrubu ikishika, kiganja kinasikia, na hapo hapo unaacha. Drili haisikii, inaendelea kuzunguka mpaka meno yamesaga kila yalichoshika.

Tundu likiwa limeliwa sana, vijiti havitoshi. Litoboe upya kwa milimita 8, upachike kigingi cha mbao cha unene huo huo pamoja na gundi, kikikauka toboa tena katikati yake. Ikiwa sehemu yote ya kikombe imemeguka, isogeze bawaba sentimita chache juu au chini na ukate shimo jipya la milimita 35, kitovu chake kiwe kama milimita 22 kutoka ukingo wa mlango. Kibati chake cha ubavuni lazima kihame nayo. Lakini chipubodi iliyovimba kwa maji chini ya sinki ni habari nyingine. Ikishavimba hairudi, na skrubu ndani yake ni kama msumari kwenye mkate. Kata kipande kipya, upachike. Kipande, si kabati.

Mlango ukisharudi mahali pake utauona umekaa mshazari, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kudhani kila skrubu ni ya kukaza. Katika bawaba nyingi za aina hii, skrubu iliyo karibu na mlango huupeleka mlango kushoto na kulia. Ile ya nyuma huuvuta nje au kuurudisha ndani. Na zile mbili za kibati hulegezwa kidogo ili mlango upande au ushuke. Zungusha robo mzunguko, funga mlango, tazama, rudia. Mwanya wa katikati ya milango miwili ukiwa mpana juu na mwembamba chini, anza na bawaba ya juu. Nilikaa dakika ishirini nikifungua na kufunga. Mwanya ulipolingana kuanzia juu hadi chini nilimwita mke wangu aje auone, akaja, akaufungua na kuufunga mara tatu bila neno, akachukua kikombe chake.

*

Nitalisema tena, kwa kuwa bado nyumba kwa nyumba nakuta skrubu zilizotafunwa vichwa: bisibisi za nyota si aina moja. Tazama kichwa cha skrubu ya bawaba. Ukiona msalaba na, katikati ya mikono yake, mistari minne myembamba, hiyo ni Pozidriv, nayo inataka bisibisi yake, kwa bawaba hizi mara nyingi namba 2. Bisibisi ya Phillips, ile ya msalaba mtupu, inaingia, inateleza, inakula chuma. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili haifikii hasara ya skrubu moja isiyofunguka.

*

Jirani ametoa kabati barabarani, siku ya mvua. Milango mitatu, yote mizima.

*

Jumatano ilitimia miaka saba tangu tumzike baba mdogo, seremala wa Tanga. Mbao alizozipenda ni mninga na mvule, na nguo zake zilinukia mninga hata siku za Idi. Chipubodi hakuipenda, lakini aliyemletea hakumrudisha. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba skrubu inayorudi kwenye tundu lake la zamani huanzwa kwa kuizungusha kinyume, taratibu, bila kuisukuma, mpaka uisikie imedondoka kidogo. Hapo imekuta njia yake ya mwanzo. Sasa igeuze, ukaze.

Skrubu za bawaba ya chini matundu yake yalikuwa bado mazima. Niliinama, nikazungusha kinyume, nikasikia kule kudondoka. Ilibidi nikae chini kidogo.

*

Kariakoo, dukani, kijana aliniambia: "Shikamoo mzee. Unataka ile kitu ya mlango?" Marahaba, mwanangu, nataka ile kitu ya mlango, na ina jina. Inaitwa bawaba. Wasomaji wa daftari hili wanajua kwamba jambo hili haliniachi nilale. Tuna neno bawaba tulilolipata kwa Waarabu, na parafujo tuliyoachiwa na Wareno, ambayo wazee wa pwani waliisema kabla skrubu ya Kiingereza haijaisukuma kando. Kabati lenyewe ni neno la Kiingereza tulilolivika kanzu mpaka halijulikani limetoka wapi. Mlango mmoja wa jikoni umebeba historia nzima ya bandari zetu.

Sasa boksi linafika na kijitabu chenye picha tupu, bila neno hata moja la lugha yoyote. Naielewa sababu: kijitabu kimoja kinauzwa dunia nzima bila mfasiri. Ila kijana anaweza kuunganisha makabati kumi bila kusikia jina la chochote alichokishika, na kitu kisicho na jina ni vigumu kukiulizia dukani, vigumu kumwelekeza mwenzako kwa simu, na rahisi kukitupa. Walimu wa vyuo vya ufundi wanaosoma hapa, nawaomba: mfundisheni mwanafunzi jina kabla hamjampa bisibisi.

*

Mwaka 1956 Gillis Lundgren, mchoraji wa kampuni ya IKEA, alishindwa kuiingiza meza ndani ya gari, akaing'oa miguu. Hapo ndipo kampuni ile ilipoanza safari ya fanicha za boksi. Wazo lile nalipenda kwa moyo wote. Kitu kilichofunguliwa mara moja kinaweza kufunguliwa tena, na kinachofunguka kinatengenezeka. Sijui tuliisahau wapi nusu hii ya pili.

*

Hili si la bawaba, lakini lisipite wiki nyingine. Mwaka 2016 IKEA ilitangaza nchini Marekani kuyarejesha makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo. Mtoto anavuta droo, anaipanda kama ngazi, uzito unahamia mbele, kabati linakuja. Hakuna kelele ya onyo. Kabati refu lisilofungwa ukutani ni hatari hapa Dar es Salaam kama lilivyo Chicago, na kuta zetu za tofali zinashika vizuri: toboa, pachika kile kipande cha plastiki, funga skrubu na kile chuma cha pembe kilichokuja ndani ya boksi. Ndiyo, kile ulichokiweka kwenye droo ukidhani kimezidi. Nimeingia nyumba tatu mwezi huu zenye watoto wanaotambaa, zote tatu kabati limesimama peke yake. Katika mbili nimelifunga mwenyewe. Ya tatu, mama wa mtoto alisema nisubiri baba yake arudi safari. Nimepiga simu mara mbili. Nitapiga tena leo.

*

Unyevu wa pwani unakula skrubu. Zilizoota kutu zibadilishe wakati bado zinafunguka.

*

Ijumaa, kabla gari la taka halijafika, nilibisha hodi kwa jirani. Nikamwomba ruhusa juu ya lile kabati la barabarani. Mbavu zake zilikuwa zimeshavimba kwa mvua, hakukuwa tena na la kuokoa kwenye mbao. Tulifungua milango sote wawili, yeye akishikilia, mimi nikizungusha, na mwanawe wa darasa la tano akipokea skrubu kwenye kiganja na kuzihesabu kwa sauti. Bawaba sita, zote nzima, na vibati vyake sita. Aliniuliza zinaitwaje, nikamwambia. Ziko kwenye kopo la maziwa juu ya friji.