Almasi Chini ya Bakuli

Ukipata bakuli la kioo la Uingereza la enzi za Malkia Victoria, lipindue. Huenda ukaona alama ya almasi, ina herufi na tarakimu pembeni. Ilitumiwa kati ya 1842 na 1883 kuonyesha kwamba umbo hilo limesajiliwa, mwingine asiliige. Ile III ya juu kabisa ni ya vyombo vya kioo. Pembeni mna siku, mwezi na mwaka wa kusajiliwa, wala si wa kutengenezwa.

Lakini jihadhari! Mnamo 1868 mpangilio ulibadilishwa, herufi ya mwaka ikahama kutoka juu hadi kulia.

Je, mwenyewe ni nani? Jina lake halimo katika almasi. Hutafutwa katika madaftari ya usajili, yaliyohifadhiwa pamoja na michoro huko Kew, London. Hata ukilipata, usishangilie upesi, kwani mfanyabiashara aliyeuza tu vyombo pia aliweza kusajili umbo, fundi asitajwe. Afadhali kampuni ya Sowerby ya Gateshead, ambayo tangu 1876 ilipiga chapa ya kichwa cha tausi. Ukikiona hicho, umempata mtengenezaji.