Sura ya Jasi na Nyuso Zetu

Juu ya sanamu za jasi, yaani vile vichwa vya plasta nyeupe ambavyo mwanafunzi huvitumia kujifunza kuchora sura, kuna makundi mawili. La kwanza huviheshimu kupita kiasi kwa kuwa vyuo vya Ulaya vilivitumia. La pili lataka vitupwe kwa sababu hiyo hiyo. Yote mawili yamepotoka.

Hapana budi tuitazame kwanza kazi yenyewe. Jasi haitikisiki, haichoki, wala haina rangi ya kumbabaisha mwanafunzi. Taa ikiwekwa upande mmoja, jicho huona wazi mahali unapokoma mwanga na kuanza kivuli: chini ya nyusi, kando ya pua, chini ya mdomo. Ndiyo maana katika karne ya 19 mwanafunzi wa uchoraji mjini Paris alianza kwa kunakili picha, kisha akachora jasi, ndipo akamkabili mtu hai. Huo ni ufundi, si kasumba. Aina Onabolu wa Nigeria (1882–1963) aliupigania uchoraji wa kufuata uhalisi wakati ambapo wapo walimu wa kikoloni waliotaka Mwafrika abaki na sanaa za jadi tu. Anayeutupa leo kwa jina la uzalendo anawaunga mkono walimu wale.

Kasumba iko kwingine. Iko katika kuamini kuwa pua ya sanamu ya Kiyunani ndiyo kipimo cha pua zote, na kwamba weupe ndio uzuri. Wayunani wenyewe walizipaka rangi sanamu zao. Zimebaki nyeupe kwa kuwa rangi ilichakaa. Tena ngozi nyeusi haipokei mwanga kama jasi. Hung'aa kwenye paji la uso na mashavuni, na mng'ao huo ndio unaolidhihirisha umbo. Mwanafunzi aliyezoea jasi peke yake huigeuza sura ya mama yake kuwa kipande cha giza.

Basi tujichagulie vichwa wenyewe. Vile vya shaba vya Ife, Nigeria, vilivyofukuliwa mwaka 1938, havipungukiwi uhalisi mbele ya vya Wayunani. Vinyago vya mapiko vya Wamakonde vimehifadhi chale na ndonya zilizopamba nyuso za wazee wetu. Na shule isiyo na jasi isikae bure: wanafunzi wafinyange kichwa cha mwenzao kwa udongo, wakikaushe, wakiweke penye mwanga wa dirisha, wakichore. Kisha wamgeukie mwenzao mwenyewe, wamchore akiwa hai. Asiyefika hapo hajafundishwa kuchora sura.