Mtalii Kalipia Joburg, Sisi Tunahesabu Vichwa



Kwa ambao hamjafika, Troyeville ni mtaa wa vilima upande wa mashariki wa katikati ya jiji la Johannesburg, jirani na uwanja wa Ellis Park. Nyumba za zamani, Wareno, Wamsumbiji, Wakongo, na sisi wachache wa Kiswahili tuliopanga vyumba kwa sababu kodi inalipika na chuo hakiko mbali. Gandhi aliishi hapa, Albemarle Street, mwanzoni mwa karne iliyopita. Na Eleanor Street ndipo alipopigwa risasi nje ya nyumba yake mhadhiri wa Wits, David Webster, tarehe 1 Mei 1989. Kwa hiyo mara moja moja kibasi cha wageni hupita. Wanashuka, wanapiga picha, wanapanda, hao wameondoka. Mama wa pale kona anayeuza ndizi na sigara za mojamoja hajauza hata ndizi moja. Ziara ilishalipiwa huko walikotoka, na maji ya kunywa yamo ndani ya kibasi.

Siku moja nikiangalia hayo nikamkumbuka kaka yangu. Kaka ni mgumu. Kwa msiojua lugha ya Moshi, mgumu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, yule anayepanda na kilo 20 za mizigo ya mgeni halafu anafika kambini kabla ya mgeni mwenyewe. Sisi huku tunasema tunabeba boksi, lakini yeye ndiye anayebeba kweli. Kuna kampuni moja, jina nalihifadhi, aliifanyia kazi siku sita ikamlipa nne. Alipouliza akaambiwa wagumu wako wengi getini.

Hoja yangu ni hii: serikali zetu zinapima utalii kwa kuhesabu vichwa uwanja wa ndege na kutangaza mabilioni ya dola bungeni, wakati mtu mwenye deni anatakiwa ajiulize swali moja tu. Baada ya kutoa, kimebaki nini?

Mtasema deni limeingiaje hapa. Limeingia, tena kwangu ni jambo la nyumbani kabisa. Mimi nilianza darasa la kwanza Januari 2002, mwaka ule wa MMEM, ada ya shule ya msingi imefutwa, darasa limejaa mpaka wengine tunakaa chini. Miezi miwili kabla, Novemba 2001, Tanzania ilikuwa imemaliza masharti ya HIPC, ule mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, ikaahidiwa nafuu ya kama dola bilioni 3 kwa miaka mingi. Uganda walitutangulia mwaka 2000. Ninyi ndugu zetu Wakenya mliachwa nje, mkaambiwa deni lenu linabebeka! (Sijui mnaliona linabebeka mpaka leo.) Yaani mimi ninayeandika hapa ni mtoto wa msamaha wa deni, ndiyo maana sitaki kuona tunarudi kule kule.

Sasa angalieni kipimo kilichotumika. Chini ya masharti ya 1999, deni lililozidi asilimia 150 ya mauzo ya nje ya nchi lilihesabiwa kuwa halibebeki. Hata vipimo vya leo bado vinalinganisha deni na mauzo ya nje. Na ndani ya mauzo ya nje umo utalii: mgeni akilala Nungwi, sisi tumeuza nje. Sawa. Lakini mvinyo aliokunywa umeagizwa, na jibini vilevile, na faida ya mwenye hoteli mara nyingi inarudi kwao. Benki Kuu haidanganyi, hayo yote inayaandika, ila yanakaa kwenye kurasa nyingine za daftari. Kipimo cha deni kinasoma ukurasa wa mauzo. Ni sawa na kumwambia mwenye duka kwamba ana uwezo wa kukopa kwa kuangalia mauzo ya siku, bila kumuuliza mali aliinunua bei gani.

Halafu mauzo yenyewe ni ya kuyeyuka. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni 1,527,230 na mapato yakafika dola bilioni 2.6. Mwaka 2020 ikaja korona, wageni wakawa 620,867. Deni halikupungua hata senti. Mwaka 2021 IMF ikatutoa kwenye kundi la hatari ndogo ya kushindwa madeni ikatupeleka kwenye hatari ya wastani, na sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo, utalii kuanguka. Kaka mwaka ule alilima mahindi.

Huku Joburg unaona upande wa pili wa biashara hii. Kwenye madirisha ya mawakala wa safari unakuta Zanzibar siku saba, ndege, chumba, chakula na vinywaji, vyote bei moja kwa randi, unalipia hapa hapa. Akifika ufukweni anaagiza bia ya Kilimanjaro, anadhani hapo angalau kamchangia Mtanzania. Bia hiyo ni ya TBL, ambayo tangu 1993 iliingia mikononi mwa South African Breweries, kampuni iliyozaliwa Johannesburg hii hii, na leo iko chini ya AB InBev ya Ubelgiji. Hata Air Tanzania, asilimia 49 iliwahi kuuzwa kwa South African Airways mwaka 2002, ndoa ikavunjika 2006. Siwalaumu Wasauzi jamani. Wao walileta mtaji, sisi ndio tuliouza.

Na sisemi utalii ni bure. Mwaka 2009 watafiti wa ODI ya London walifuata hela ya mgeni kaskazini mwa Tanzania. Katika anachotumia ndani ya nchi, upandaji mlima ulifikisha asilimia 28 kwa watu maskini, safari za mbugani asilimia 18. Mlima unagawa zaidi, maana hakuna gari linaloweza kupanda badala ya kaka. Hela inapita kwenye mabega ya watu, na kwenye tipu, na sokoni ambako mpishi ananunua vitunguu. Basi serikali ikitangaza vichwa, itangaze na asilimia hiyo kila mwaka, hoteli kwa hoteli kama inawezekana, na sisi tunaosoma uchumi na uhasibu tuache kuona aibu kuiuliza.

Mimi nimeanza na kidogo. Wenzangu watatu wa darasani wanataka kupanda mlima, nikawaambia msinunue kifurushi cha hapa, lipeni Moshi, kuna kampuni ndogo ya kiongozi mmoja anayewalipa wagumu wake mkononi siku ya kushuka. Wakakubali. Mmoja akauliza: hela ikishatumwa, safari ikiahirishwa, nani atanirudishia? Nikampigia simu yule kiongozi. Hana mashine ya kadi, hana bima ya kurudisha hela, ana akaunti ya benki na jina zuri pale Moshi. Wakala wa hapa mjini anavyo vyote viwili. Mpaka naandika haya bado wanafikiria, na kaka ananiuliza kila Jumapili kama wageni wangu wanakuja.