Akseleta haifungwi kwa mpira wa tyubu

NJIA YA KATI
Na Hamisi Kapela

Kipupwe kimeingia. Alfajiri ya Tabora sasa inashuka hadi nyuzi 15 au chini yake, na kwenye gereji za Isevya na Ng'ambo malalamiko ni yaleyale. Land Rover ya zamani, au lori la petroli ambalo mwenyewe hataki kuachana nalo, limewashwa kwa shida, likachanganya, dereva akaondoa mguu, injini ikaendelea kunguruma vilevile. Akseleta imenata. Dawa nayo ni ileile: fundi anakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, anaufunga kati ya mkono wa kabureta na boliti iliyo karibu, anaomba hela ya soda, gari linaondoka.

Dawa hiyo iachwe. Mpira ukikaa juu ya injini yenye moto hukakamaa na kupasuka, na utakapokatika dereva atakuwa barabarani. Hata ukiwa mzima unavuta tu, hauondoi kilichofanya akseleta inate.

Zamani hatari hii ilipunguzwa na barabara yenyewe. Kwenye mchanga wa kuelekea Sikonge, lori lililogoma kupunguza mwendo lilizama lenyewe likazimika. Siku hizi lami inatoka Manyoni kupitia Itigi hadi Tabora, inakwenda Urambo na Kaliua, na upande wa kusini inapita Sikonge na Koga hadi Mpanda. Safari ya Bagamoyo hadi Ujiji, ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea kwa miezi, gari sasa linaimaliza kwa siku chache. Tunashukuru, lakini magari mengi tuliyonayo ni yaleyale ya enzi za mchanga, na sasa yanakimbia. Mbele ya magari hayo wako watoto wanaorudi shule, baiskeli zilizobeba mkaa na bodaboda zisizo na taa.

Ng'ambo kuna fundi mmoja mtu mzima ninayependa kumtazama akifanya kazi. Majuzi aliletewa Land Rover inayobeba asali. Kijana wake alikwishashika bisibisi, tayari kuifungua kabureta.

“Weka chini, mwanangu,” mzee akamwambia. “Zima injini kwanza.”

Akachomoa fimbo inayotoka kwenye pedeli, maana Land Rover za miaka ile hazina waya wa akseleta, zina fimbo na viungo. Kisha akausukuma mkono wa kabureta kwa kidole kimoja na kuuachia. Ukarudi kwa kishindo kidogo, tak. Akarudia, tak. Kabureta haikuwa na kosa. Akairudisha fimbo, akamtuma kijana awashe na kukanyaga, yeye akasimama pembeni akiitazama injini. Ilipochanganya ikainuka upande mmoja na kuivuta fimbo pamoja nayo. Maunti inayoishikilia injini ilikuwa imekatika. Asubuhi ya baridi, injini ikitetemeka kwa choki, ilikuwa inajikanyagia mafuta yenyewe.

“Shikamoo, mzee,” dereva akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Sote tukacheka, na mimi nikaondoka nikiwaza ni kabureta ngapi nzima zimefunguliwa na kuharibiwa mjini hapa kwa sababu hakuna aliyetenganisha fimbo.

Kipimo chenyewe hakihitaji fedha. Tenganisha fimbo au waya. Mkono wa kabureta ukirudi wenyewe, tafuta kosa kuanzia pale hadi kwenye pedeli: zulia lililojikunja, waya uliochakaa, kiungo kilichojaa vumbi, springi iliyolegea, maunti. Hapo grisi ina lawama yake. Madereva wengi huipaka kwa nia njema, lakini grisi ikichanganyika na vumbi la kiangazi huwa kama ugali, na baridi ya usiku huzidi kuigandisha. Oili nyepesi kidogo, baada ya kusafisha, inatosha.

Mkono ukinata wenyewe, basi ni kabureta. Gari lililolala muda mrefu huacha utando wa petroli iliyochacha pembeni mwa kile kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Utando huo huoshwa, injini ikiwa imepoa na sigara ikiwa mbali. Wakati mwingine fundi alikaza mno nati za kitako, kitako kikapinda, ekseli ya kisahani ikabanwa. Na wakati wa kipupwe, itazame choki kabla ya kulaumu chochote. Dereva anayeivuta alfajiri huwa anakifungua na kisahani kidogo, ndivyo ilivyoundwa. Waya wa choki usiporudi, kisahani hakifungi hadi mwisho, na injini italia juu hata ukiwa umeondoa mguu.

Wapo wasioamini ukiwaambia kwamba ndani ya kabureta barafu inaweza kuganda hata huku kwetu. Inawezekana, na si lazima iwe Julai, kwa kuwa kiangazi chetu ni kikavu. Hatari zaidi ni asubuhi za manyunyu, au ukungu wa mabonde ya Malagarasi na Ugalla. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto, na hewa inayopita kwenye koo la kabureta inaweza kupoa kwa nyuzi 20 au zaidi. Hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu hushuka chini ya sifuri, kisahani kikashikwa. Dalili yake ni kwamba ukisimama dakika kumi, joto la injini linaiyeyusha, na fundi haoni kosa lolote. Marubani wa ndege ndogo zenye kabureta wana mkono maalumu wa kuingiza hewa ya moto kwa ajili ya tatizo hili hili. Kwenye injini nyingi za zamani, njia ya kuingiza hewa ilikalishwa juu ya ekzosi ili ipate joto, na baadhi zikawekewa bati na bomba la kuvuta hewa yenye moto. Naomba mafundi waache kuvitupa vitu hivyo wakidhani havina kazi.

Akseleta ikinata ukiwa kwenye mwendo, kanyaga klachi au toa gia, kisha kanyaga breki mara moja kwa nguvu na usiachie. Usiipampu. Busta ya breki kwenye gari la petroli hutegemea mvuto wa hewa ya injini, na kisahani kikiwa wazi mvuto huo hupungua sana, kwa hiyo kila unapoachia na kukanyaga tena unamaliza akiba iliyobaki. Zima swichi, lakini ufunguo usiuchomoe kabla gari halijasimama, usije ukafunga usukani.

Kwa wakaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama nina ombi moja. Mnatazama taa, matairi na breki, na mnafanya vema. Kabla ya kubandika stika, fungueni boneti, mmoja akanyage pedeli na kuiachia, mwingine atazame kama mkono unarudi na unarudishwa na nini. Gari lililofungwa mpira wa tyubu lirudishwe gereji siku hiyo hiyo, na lisipewe stika mpaka liwe na springi.